Baba Amechomwa Uvimbe wa Ini, Nami Namficha Dawa ya Pili

Bi Nuriya, salaam aleikum. Hapa Minjila kipindi chako cha redio tunakisikiliza na kuwacheka wanaokuandikia, na leo zamu ya kuchekwa ni yangu, lakini naomba unisikilize kwanza kwa sababu nimekwama na sina wa kumuuliza.

Mimi ni Abdia, binti wa kwanza wa Mzee Galma, sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe. Mwaka huu baba alianza kukonda na kuumwa chini ya mbavu za kulia, tukampeleka hospitali, tukatumwa Mombasa, na huko skani ikaonyesha uvimbe kwenye ini, wakasema ni saratani ila bado ni mdogo, na kwa vile Kiswahili cha baba ni cha sokoni tu na daktari hajui Kiorma, mimi ndiye niliyetafsiri. Daktari akaeleza kwamba ataingiza sindano ndefu mpaka ndani ya uvimbe, ncha yake ipate moto iuunguze, nami nikamwambia baba kwa mkato, "Watakuchoma." Bi Nuriya, baba alitabasamu! Kwetu ini likimsumbua mtu huchomwa ubavuni kwa chuma cha moto, na ndugu yake baba, Ami Guyo, ndiye mchomaji wetu, kwa hiyo aliposikia akasema hospitali hatimaye imetufuata, na baba akachomwa, akarudi nyumbani, na siku hizi anakula, anatoka na ng'ombe, uso umenawiri, na kila mgeni lazima aonyeshwe kovu ingawa lenyewe ni dogo kama la kuumwa na siafu.

Shida ni kwamba daktari alisema pia kuna dawa ya dripu, ya kuamsha kinga ya mwili, ambayo baba atakuwa akienda kuwekewa ili uvimbe usirudi, na hiyo sikuitafsiri, nilijiambia nitamweleza baadaye, na baadaye ikawa ngumu, kwa sababu Ami Guyo anashikilia kwamba mtu aliyechomwa hapewi dawa nyingine, ni maziwa na supu basi, ukimwongezea kitu umeutukana moto na ugonjwa utarudi kwa hasira, na baba anamwamini Ami Guyo kuliko mtu yeyote. Sasa dripu ya kwanza ni wiki ijayo. Nimemwambia baba tunarudi Mombasa kuwekewa maji ya kuongeza damu, na amekubali bila neno. Kakangu Abdinur anasema ninyamaze, ukweli mzee atausikia akishapona, lakini jana baba aliniuliza, "Ni maji tu?" na nikashindwa kumtazama usoni. Nikimwambia atakataa, na mimi nampenda, sitaki kumzika kwa ajili ya maneno ya Ami Guyo. Ninyamaze, au nifanye nini?

Abdia, Minjila.

*

Abdia mwanangu, waaleikum salaam. Leo hakuna wa kukucheka. Pole kwa ugonjwa wa baba, na hongera kwa kumfikisha Mombasa mapema, maana wengi hupelekwa tumbo limeshajaa maji. Hapo nimemaliza kukusifu.

Maji ya kuongeza damu! Hivi wewe binti, unajua dawa hiyo hufanya nini? Inawaamsha askari wa mwili, na wakishaamka wakati mwingine hupiga hata wasiopaswa kupigwa: matumbo, mapafu, ngozi, hata ini lenyewe. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa akianza kuharisha bila kukoma, au pumzi ikimkata, au macho yakigeuka manjano, apige simu hospitali siku hiyo hiyo. Baba yako, akidhani amewekewa maji tu, ataharisha huko malishoni, atakunywa maziwa, atangoja ipite. Dawa ya kumponya inaweza kumuua kwa sababu nyinyi mlinyamaza. Na Abdinur mwambie nimemsikia, na amenikera sana.

Tena mnamdharau mzee. Mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote atashindwa kuelewa nini hapa? Mkalishe, umwambie kwa Kiorma. Moto umeunguza uvimbe ulioonekana kwenye skani, lakini huenda kuna wenzake wadogo waliojificha. Saratani hufanya kama mwizi wa mifugo anayepaka tope juu ya alama ya mwenyewe, ng'ombe apite mbele ya watu asitambuliwe. Uvimbe ukiungua, mabaki yake huwasaidia askari wa mwili kuiona ile alama, na dripu huizuia saratani isiwatulize tena. Viwili hivyo vinasaidiana, hakuna anayemtukana mwenziwe.

Usimwahidi miujiza. Kuviunganisha hivi ni jambo ambalo madaktari bado wanalichunguza. Kuna waliosaidika, na kuna ambao uvimbe uliwarudia vile vile. Muulize daktari kwa nini ameona dawa hii yamfaa baba yako, na jibu umpe mzee lote, hata lile lisilokupendeza.

Ami Guyo usigombane naye. Mwite akae hapo hapo asikie, maana ukimwacha nje ndipo atakapopinga. Ila umwombe kwa heshima chuma chake kisimguse baba, kidonda kibichi ni mlango wa maradhi. Mkifika Mombasa, kabla sindano haijaingia, mwambie daktari wazi kwamba mgonjwa hajaelezwa, na uombe mkalimani mwingine, hata kwa simu. Wewe ni mtoto wake, unaogopa, na ukiogopa unaruka maneno. Kisha nyote wa nyumba hiyo mkapimwe homa ya ini aina ya B, kwa sababu huambukiza na huleta saratani hii, na asiye nayo apewe chanjo.

Unasema atakataa. Akikataa baada ya kuelewa, mwili ni wake, nawe utalia lakini hutakuwa umemdanganya. Ila mpaka leo, Abdia, baba yako hajakataa kitu. Hajaulizwa.