Kimashine cha Sukari Hakinipendi

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo na kazi? Sisi wazima, ila masikio yangu ni yale yale. Kwenye simu nasikia mvumo tu, heri tuandikiane.

Hicho kimashine cha sukari ulichoniletea hakinipendi. Natoboa kidole hapa hapa kibandani huku namenya mananasi, maana wateja hawanipi nafasi hata ya kuketi. Kila siku namba iko juu. Chakula nimepunguza hadi paka ananionea huruma. Nesi alisema ikipanda niongeze sindano kidogo, naongeza. Baadaye mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Uzee huo, usihangaike.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako imeninyima usingizi. Jasho na kutetemeka ni dalili ya sukari kushuka. Sasa mbona kimashine kinasema imepanda? Unanawa kabla ya kutoboa? Nijibu upesi.

Kitindamimba wako

16 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Umekuwa daktari lini? Mikono nafuta kwenye aproni uliyonishonea. Bomba liko kule nyuma ya soko, kibanda nimwachie nani?

Jana nilianguka. Nilipozinduka mama mdogo wako, tunayepakana naye vibanda, alikuwa ananipepea. Nilipopima, namba ilikuwa haijawahi kufika pale. Naona dawa hainitoshi, nitaongeza tena.

Mama yako

20 Machi

Mama, shikamoo.

Usijidunge, nakusihi. Nimemuuliza muuza dawa, akataka kujua unafanya kazi gani. Nilipomwambia unamenya mananasi, akaelewa mara moja. Kimashine kinapima maji ya nanasi yaliyokukaukia kidoleni. Sukari yako iko chini na sindano inazidi kuishusha. Nawa kwa sabuni, mikono ikauke, ndipo utoboe. Ukitetemeka, kunywa juisi ya mananasi yako mwenyewe.

Simu ya mama mdogo haipatikani. Naogopa, mama.

Kitindamimba wako

23 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nimeamka vizuri, nimeuza hadi mananasi yamebaki mawili. Kimashine kimepanda tena, nimekikomoa kwa sindano ya nguvu. Jasho limeanza, kalamu inateleza. Ngoja nijilaze kidogo hapa chini ya meza, nikiamka nitakueleza habari ya

Mwanangu, hii nimeikuta juu ya meza yake, nimeitia kwenye bahasha kama ilivyo. Yako imefika leo mchana, hakuna aliyeifungua. Omba ruhusa kazini uje nyumbani, tunakungoja wewe tu.

Mama mdogo