Pazia Mbele ya Maprofesa

Shoga, nimetoka kutetea tasnifu yangu sasa hivi.

Unaijua ile picha yangu ya retikulamu, ule utando uliokunjamana ndani ya seli za mirija ya figo? Sikuiweka kwenye slaidi! Kumbe nimeweka PAZIA. Lile la kijivu lenye vidoto vyeusi, mama alinitumia picha yake akiuliza kama linafaa sebuleni.

Nimeliona likiwa tayari ukutani mbele ya watu.

Kabla sijafungua mdomo, profesa mkuu akainuka: "Tazameni mikunjo hiyo! Na hivyo vidoto vya ribosomu vilivyojipanga juu yake! Figo yenye afya kabisa."

Figo yenye afya, shoga. Pazia!

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akauliza nimetumia darubini gani.

Nikaona hili litanitokea puani. Nikasema, "Profesa, samahani, hilo ni pazia."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Naam," akasema, "hata sisi wa zamani utando huo tuliuita hivyo hivyo, pazia."

Nimefaulu, shoga. Wamenipigia makofi, na figo yenyewe hakuna aliyeiona.