Dakika Tano za Chai kwenye Duka la Dawa

Wakesho mjukuu wangu,

Hapa Voi tuko wazima, nyanya yako anakusalimia, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote hadi Maungu. Umeniuliza kama ni makosa kufunga dirisha la duka lako la dawa ule kwanza, na wateja wamejaa. Swali hilo limenichanganya kichwa.

Nilipokuwa dereva wa lori, tena wa kufika Kampala, nilienda kumnunulia mama dawa ya presha. Yule dada muuza dawa alikuwa amesimama tangu asubuhi. Akasema, "Jamani, nipeni dakika tano ninywe chai."

Nikapaza sauti, "Daktari, chai yako itaniponyea mama? Nimebeba mboga, zinanyauka."

Watu wakacheka. Akaacha kikombe, akanihudumia.

Nilikuwa nishawasha lori alipokuja mbio, pekupeku, akagonga mlango. "Kaka, nimekupa ya sukari. Nisamehe."

Mama hakuwa na sukari. Ingemmaliza. Nikamsamehe mbele ya watu, wakanisifu, nikajiona mfalme.

Nimezunguka dunia, Wakesho, lakini mpaka leo sielewi mbona aliyeomba msamaha ni yeye.

Babu yako, anayekuombea ushibe.