Kwa Mume Wangu Anayeamka Alfajiri Kumpasha Moto Mwingine

Mume wangu mpenzi, pumzi yangu uliye katika nchi ya barafu,

Hapa Temeke sote wazima. Mama yako mzima, dada yako Mwajuma mzima na mdomo wake mzima zaidi, na mimi mkeo ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitakueleza. Barua hii naiandika wazi, sifichi neno, kwa sababu siri kati yetu zimeshindikana. Kila barua yako husomwa barazani, na msomaji ni mimi mwenyewe, maana ndimi niliyesoma zaidi nyumbani humu. Hii nayo nitamsomea mama kabla sijaitia kwenye bahasha, na majirani wameomba waje wasikilize. Waje. Wasikie kutoka kwangu kwamba mke wa fundi ana wivu.

Namwonea wivu mashine.

Najua unacheka. Naliona na lile pengo la meno yako ya juu, nililolipenda kabla sijakupenda wewe mzima. Cheka umalize, kisha unisikilize, kwa sababu mwisho wa barua hii lipo jibu ulilolitaka, na jibu lenyewe limetoka humo humo kwenye wivu.

Unakumbuka tulivyoonana? Basi lililokuwa likiturudisha shule sisi wasichana lilizimika Barabara ya Pugu, mvua inanyesha, dereva anatukana. Wakakuita wewe kutoka gereji ng'ambo ya barabara. Ulikuja umejifunika gunia kichwani. Hukutukana, hukugonga kitu. Uliinamia injini, ukaweka kiganja juu yake, nikakusikia kwa masikio yangu ukisema, "Haya mama, amka, watoto wa watu wanachelewa." Nilikuwa dirishani. Nikajiuliza, mtu anayesema na chuma kwa upole namna hii, na mkewe atasemaje? Nikaomba basi lisiwake upesi. Likawaka mara moja, nami nikakasirika. Tangu siku ile nilipaswa kujua kwamba katika mapenzi yetu tutakuwa watatu.

Lakini fungate yetu ilinisahaulisha yote. Siku saba, mlango umefungwa, chakula kinaletwa, na wewe hukushika spana hata moja! Siku ya tatu nilikufundisha kufukiza nguo, unakumbuka? Nilikiweka chetezo chini ya kigoda, nikatia udi kwenye makaa, nikatandaza kanzu yako juu ya kigoda na kuifunika yote kwa kanga yangu. Nikakwambia pindo liguse chini kila upande, moshi usitoroke. Nikakwambia usiinuke, maana makaa hayaachwi peke yake na nguo. Ukauliza, "Sasa mimi nikae hapa hapa mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka ipate harufu ndani ya nyuzi." Ukakaa. Tulikaa wote wawili chini, tumeegemeana, tunachungulia chini ya pindo kwa zamu kama watoto. Mimi nilidhani ninakufundisha jambo la nyumbani kwetu. Kumbe nilikuwa namtengenezea mwanamke mwingine mume.

Ukaniuliza siku ile ile, theluji ikoje, kwa kuwa yule mhandisi mpima miamba uliyekuwa ukimtengenezea lori alikuwa ameshakuomba mwende wote kwao Kanada kwa msimu mmoja wa baridi. Mimi, mwenye darasa la kumi na kitabu cha jiografia, nikakujibu kwa maringo kwamba theluji ni kama unga wa muhogo uliochekechwa. Barua yako ya kwanza ilisema, "Mke wangu umenidanganya, unga wa muhogo haulii chini ya viatu." Niliibusu barua hiyo mpaka wino ukachafuka.

Baada ya hapo akaanza kuingia yeye.

Mwanzo ulimwita gari tu. Gari la kwenda juu ya theluji, ukaandika, mbele lina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana unaozunguka kama wa tingatinga. Sawa. Barua ya pili ukasema ni gumu kuamka asubuhi. Oili inaganda ndani kama halua, hendeli ya kuliwashia haizunguki, utadhani imechomelewa. Barua ya tatu likawa si gari tena, likawa "Bibi". Bibi amelala vizuri. Bibi leo amenuna.

Na mambo unayomfanyia! Niyarudie hapa, ili wenye waume safarini wapime wenyewe. Jioni unamtoa oili yote ingali moto, unaitia kwenye debe, na debe unalala nalo ndani ya hema karibu na jiko, ili oili yake isipate baridi. Alfajiri, baridi ambayo unasema inauma hata meno, unatoka wa kwanza. Unamfunika turubai mpaka chini kama chandarua. Unaweka jiko la mafuta ya taa chini ya tumbo lake. Kisha unaingia na wewe ndani ya turubai, unakaa naye saa nzima, kwa sababu jiko lile haliachwi peke yake, cheche moja tu na vyote vinateketea. Unamgusa ubavuni kwa kiganja kumsikia kama joto limefika. Ndipo unammiminia oili ya moto kama supu ya mgonjwa, ndipo unashika hendeli. Na ukaandika, "Siri yake ni kutomharakisha. Akiharakishwa ananuna siku nzima."

Mume wangu! Mimi asubuhi ya kuondoka kwako uliniharakisha. Ulisimama mlangoni ukisema, "Haya jamani, meli haingoji," hata chai yangu hukuimaliza. Nilikuwa na maneno manne ya kukwambia, nikasema mawili.

Ila kitu kimoja hukuniharakisha, nami nakushukuru. Ile doti ya kanga ya harusi tulikuwa bado hatujaikata. Nilichukua mkasi, tukaikata pamoja katikati, wewe umeshika upande huu na mimi ule. Kipande kimoja ukakikunja ukakitia kifuani ndani ya koti, kimoja nikabaki nacho. Ukasema, "Hiki hakitoki mwilini mwangu." Maneno yako, sikuyatunga.

Sasa tufike kwenye barua ya juzi.

Tumeketi barazani, mama kwenye mkeka, Mwajuma anasuka ukili, mimi nasoma kwa sauti. Nikafika ukurasa wa pili. Nikaruka mistari mitatu, nikaendelea na salamu zako kwa majirani.

"Wee bi harusi," Mwajuma akasema bila kuinua kichwa, "mbona umeruka?"

"Sijaruka kitu, wifi."

"Mie sijui kusoma, lakini kuona najua. Macho yameteremka mistari mitatu, mdomo umesema nusu. Mama, anatuficha huyu!"

"Soma, mwanangu," mama akasema. "Kama ni ugonjwa, tumwombee."

Ikabidi nisome. Nikasoma kwamba upepo ulilichana turubai kutoka juu hadi chini. Kwamba mpishi wenu alikuwa anaumwa tumbo, amejikunja, hajiwezi, na hospitali iko mwendo wa siku nzima. Kwamba joto lilikuwa linatokea kwenye mpasuko na injini haishiki. "Basi nikatoa kanga yako kifuani, nikamfunika nayo Bibi pale palipochanika, nikashusha pindo mpaka chini kama ulivyonifundisha, nikakaa naye mpaka akapata joto."

Mama yako akapiga makofi akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. "Ewallah! Mwanangu kaoa wa pili, wa chuma!"

"Na kavishwa kanga ya harusi," Mwajuma akadakia. "Wifi, mwenzio kashafukizwa huyo, kinachobaki ni kuchezewa ngoma. Wewe pika biriani."

Walicheka. Mimi nilisimama na barua mkononi, na hapa nakuungamia jambo ambalo hao wawili hawalijui mpaka watakaposomewa barua hii. Nilipitisha macho haraka kwenye mistari iliyofuata, natafuta. Nilichokuwa natafuta ni kama kanga imeungua. Nilipoona umeandika kwamba pembe moja imeungua ukubwa wa kiganja, machozi yalinitoka. Ndipo, baada ya hapo, nikakumbuka kwamba kulikuwa na mtu mgonjwa ndani ya barua. Nikarudi kumtafuta. Bibi akawaka mara ya pili ya hendeli, uliandika, na mpishi alifika hospitali yu hai.

Niliona haya. Mtu anakufa, na mimi nalilia pembe ya nguo. Nilikwenda ndani nikakaa kitandani, nikajiuliza wivu huu ni wa nini hasa. Kanga ingekuwa na kazi gani bora kuliko ile? Mimi mwenyewe ningekuwa pale ningeivua ya kiunoni nikakupa. Umemwokoa mtu kwa kile nilichokuonyesha nikiwa nimekuegemea bega, na kwa hilo najivuna mpaka nashindwa kula.

Wivu haukuondoka, hata hivyo. Ulikaa pale pale, nikaufahamu. Sikuonei uchungu kwa kanga wala kwa mashine. Nina uchungu wa ile saa moja. Kila alfajiri wewe unakaa saa nzima chini ya turubai, humharakishi mtu, umeweka kiganja, unasikiliza joto linavyoingia. Saa ile ni yangu. Sikuipata ila asubuhi saba.

Mwisho wa barua umeniuliza. Mhandisi anataka ubaki msimu wa pili. Ukibaki, tutaezeka nyumba yetu hii kwa bati badala ya makuti. Umesema, "Amua wewe, mke wangu, mimi nitafuata." Mama anasema bati ni bati. Mwajuma anasema mie nikikukatalia nitakuwa nimekufunga kamba. Nimewasikia. Usiku na mchana nimelitafakari jambo hilo, na mvua ya vuli ilivuja kitandani upande wako nikahama upande wangu, kwa hiyo usidhani sijui thamani ya bati.

Jibu langu ni hili: rudi.

Rudi na meli ya kwanza barafu yenu ikilainika. Makuti tutayabadilisha pole pole. Kabla hujaondoka, mfundishe mwenzako mmoja kila kitu, oili ya jioni, jiko, pindo liguse chini, asiinuke, asiharakishe. Mfundishe vizuri, sitaki Bibi ateseke kwa ajili yangu. Ila kanga usimwachie, na usiifue. Njoo nayo na moshi wake wa mafuta ya taa na pembe yake iliyoungua. Nitaiunganisha na yangu kwa mkono, palipokatwa pabaki na mshono, nasi tutajifunika yote.

Kanzu yako naifukiza kila Ijumaa. Nakaa nayo peke yangu mpaka harufu iingie ndani ya nyuzi.

Mwambie mhandisi kwamba mkeo anamsalimu, na kwamba Bibi atapata fundi mwingine wa kumwamsha. Mimi sitafuti mwingine.

Ni mimi mkeo,
mwenye nusu nyingine ya kanga.