Nafasi ya Mama Kwenye Mtumbwi

Mbinga Mjini,
Jumapili, 14 Julai 1996

Kwa shemeji yangu Xaveri,

Pokea salamu zetu ukiwa mzima, wewe na mkeo na watoto, na joto la Dar es Salaam liwe la kiasi. Huku kwetu ni baridi tupu. Asubuhi nakaa kwenye cherehani nimevaa koti la mtumba, mimi fundi mzima, maana mitumba hiyo hiyo iliyoninyang'anya wateja ndiyo inayoniokoa na baridi. Dada yako Tadea hajambo, ila tumbo limekuwa kubwa na mkunga amemkataza kupanda gari la aina yoyote mpaka ajifungue. Watoto wanakula na kugombana, yaani wazima.

Barua yako ya likizo tumeipata, na picha pia. Tumecheka, shemeji! Kofia pana kama ungo, na miwani myeusi, eti ya kutazamia tembo. Jirani yangu aliposikia kwamba unataka kulala kwenye hema porini, upande mtumbwi kwenye mto Ruvuma wenye mamba, kisha ukaoge chini ya maporomoko, tena kwa hiari yako na rafiki zako wawili wa kazini, aliuliza huko mjini umekosa nini. Nikamwambia soko huria ndilo hili, siku hizi hata hofu inanunuliwa. Lakini tangu siku hiyo kicheko kimeniisha, kwa sababu mwenye kupanga safari yenyewe ni mimi, na mimi unanijua, kuku akichelewa kurudi bandani sipati usingizi.

Gari nimepata, kwa taabu. Msimu huu wa kahawa Land Rover zote zimeshikwa na wanunuzi binafsi, wanafukuzana vijijini utadhani wamerogwa. Hii niliyopata nilikaa ndani tukaijaribu kwenye mteremko, nikashuka nimelowa jasho na baridi yote hii. Breki, shemeji! Mwenye gari ameapa atazitengeneza. Nitakwenda kumkumbusha kesho, na keshokutwa pia.

Mpiga kasia ni Flaviani, mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye mto ule. Anasema mwezi wa nane maji yanakuwa yamepungua na viboko wanarundikana kwenye vina vilivyobaki, kwa hiyo mtaingia mtoni asubuhi tu, na hakuna kupiga kelele. Tembo hakuahidi. Alisema watakuja wakitaka. Waambie rafiki zako kwamba ng'ambo ni Msumbiji na hatukanyagi huko hata kwa kuchimba dawa, mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita vyao bado yapo. Halafu kule ziwani Chiwanda, yaliko maporomoko, kuna upepo wa mwera, ukivuma hakuna mtumbwi unaothubutu kutoka. Na yale maporomoko, wewe unayakumbuka kwa akili ya mtoto. Miamba yake inateleza kama imepakwa sabuni. Nimeshaota zaidi ya mara moja mtu anaanguka pale, nami nimesimama tu natazama.

Sasa kuna jambo la Mama. Uliandika kwamba mtapita Mpepai kumsalimu wakati wa kurudi, siku zikitosha. Tadea alipomsomea barua yako aliyaruka maneno hayo. Mama alisikiliza, akaiomba picha, akaishika karibu kabisa na uso, akaigeuzageuza, akairudisha. Kesho yake akatuma ujumbe kwamba na yeye yumo safarini. Tukadhani anatania. Mama Ottilia, mtu wa shambani na kanisani tu, aende kutazama tembo? Akajibu kwamba yeye ndiye mzaliwa wa Chiwanda, ndiye aliyekupeleka kwenye maporomoko yale ungali mdogo, na hakuna wa kumfundisha njia ya kwao. Tadea alibisha mpaka akachoka.

Unajua mambo yetu ya mkwe. Vijana wa mjini wameyalegeza, Mama hajayalegeza hata kidogo. Sijawahi kumpa mkono, sijawahi kukaa naye mkeka mmoja, tukikutana njiani kila mmoja anashika upande wake na kuinamisha kichwa. Nitamweka wapi ndani ya Land Rover? Na kwenye mtumbwi, ambako magoti ya watu yanagusana? Tena nikwambie ukweli, nilikuwa na kinyongo naye. Tangu mwaka jana Mama hanipishi njia. Mimi nasimama pembeni kwenye majani, yeye anakuja moja kwa moja, na Jumapili moja nusura anikumbe mbele ya watu waliotoka misa. Nilijiona nimedharauliwa. Nikamwuliza Tadea nimemkosea nini mama yake, tukanuniana siku nzima. Wala si mimi peke yangu, Mpepai wanasema ana maringo kwa kuwa ana mtoto Dar, anapita watu bila kuwasalimu.

Basi nimepanga hivi. Mama atakaa mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Mtoni tutachukua mitumbwi miwili, mimi na rafiki zako huu, wewe na Mama ule wa Flaviani. Tutaondoka asubuhi jua likiwa bado chini, tukipanda mto. Wewe utakaa umeupa mgongo upande tunakokwenda, uso wako uelekee kwa Mama. Najua mtu aliyekuja kutazama wanyama hapendi kukalishwa kinyumenyume. Kubali tu, usibishane na Flaviani, nimeshamwelekeza.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimekwisha andika salamu za mwisho, nimezikata kama unavyoona. Haya yanayofuata nimekatazwa kukwambia, na aliyenikataza ni mkwe, ambaye sijawahi kumvunjia neno tangu nimuoe dada yako. Anisamehe.

Majuzi nilipeleka hospitali mashuka waliyonipa nishone. Nikamkuta Mama amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho, peke yake. Maneno yetu siku zote hupitia kwa Tadea au kwa mjukuu, na siku ile hapakuwa na wa kuyapitisha. Nikataka kuondoka kimya kimya. Lakini alikuwa amenitambua kwa sauti, nilipokuwa nasalimiana na muuguzi, akaniita, Baba Eunice. Kisha akageukia ukutani. Mimi nikageukia uwanjani. Tukazungumza hivyo, tumepeana migongo, watu wakipita katikati na kutushangaa.

Alisema daktari amemweleza kwamba si mtoto wa jicho, huyo hutolewa na mtu akaona. Ni presha ya macho, imemla taratibu, na iliyokwisha kuliwa hairudi. Pembeni haoni kabisa. Amebakiwa na pa mbele tu, anachungulia kama kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Daktari hadhani kama Krismasi itamkuta anaona. Hapo ndipo nilipoelewa, Xaveri. Alikuwa hanipishi njia kwa sababu alikuwa hanioni. Nililia pale uwanjani, nimempa mgongo, sijui kama alinisikia.

Akasema nisimwambie Tadea, na mimba ile. Na wewe nisikwambie kabisa, kwa sababu ukiambiwa utakuja na uso wa msiba, na uso huo tayari anao. Ndio aliobaki nao tangu ulipokuja kumzika baba yenu, miaka saba sasa, hujarudi. Anautaka huu wa likizo, uso wa mtu aliyefurahi. Tembo hana haja nao. Kwenye picha, alisema, aliona kofia tu. Kisha akaniuliza watu wanakaaje kwenye mtumbwi. Nikamweleza. Akasema nikukalishe mbele yake, asubuhi, jua likupige usoni, na nisikupe sababu.

Ningemtii, shemeji. Wallahi ningenyamaza, kama si yale maporomoko. Atataka kushuka mpaka kwenye maji, namjua, na haoni anapokanyaga. Lazima mtu amshike mkono kwenye miamba ile. Tadea hatakuwepo. Mimi ni mkwe. Nilijaribu kumgusia jambo hilo pale hospitalini, akasema ni heri aanguke kuliko kushikwa na mume wa mwanawe mbele ya watu wa kwao. Nami siwezi kusimama pale nikitazama, ile ndoto inanitosha. Kwa hiyo mkono ni wako. Mshike kama unamdekea tu, asijue kwamba unajua. Na uje umefurahi. Sijui mtu anafurahije akishajua jambo kama hili, najua nimekutwisha mzigo, lakini jitahidi. Na mwanzie Mpepai, msimwache mpaka wakati wa kurudi.

Jibu lako mpe kondakta wa basi la Songea, ndilo linalofika upesi. Andika habari za breki na viboko tu, maana Tadea anasoma barua zote zinazoingia nyumba hii. Mkeo utusalimie, watoto tunawabusu, na rafiki zako waambie wabebe masweta. Mungu awafikishe salama, nami aniondolee wasiwasi japo kidogo.

Ni mimi shemeji yako,
Isidori Kapinga, Baba Eunice

N.B. Ile kofia na ile miwani myeusi, uviache Dar.