Simba wa Uajemi Chini ya Pilau

Jumanne, 3 Agosti 1993

Shemeji Antipasi amerudi toka Dar na marobota ya mitumba – na sinia! Tangu biashara iwe huru, huyu mdogo wa mume wangu ananunua chochote kinachouzwa. Sinia la shaba ya manjano, kubwa kama tairi la Landrova. Kalitoa kwa familia ya Waajemi waliokuwa wanahama. La zamani sana, anasema.

Katikati simba kashika upanga. Mgongoni kwake uso wa mwanamke, umezungukwa na miali. Pembeni miti mirefu myembamba. Antipasi anaeleza kama katekista: simba ni nguvu, uso ni jua – kwao jua lina macho na pua – na ile miti haipukutishi majani, ndiyo uhai. Nikauliza, na upanga je? Akafikiri. Upanga ni upanga, shemeji.

Laurian wangu kalipenda. Wakwe wa Misigiri wanakuja Jumamosi kumposa binti yetu Klara. Lazima wale humo!

Ijumaa, 6 Agosti

Nimesugua kwa majivu na ndimu hadi kucha zinauma. Simba anang'aa kuliko mwenye nyumba. Klara anasema mama, tumia sahani tu. Sikumsikiliza.

Jumamosi, 7 Agosti

Aibu! Aibu tupu!

Walikuja vizuri. Mzee Yeremia, baba yake Peniel mchumba wa Klara, kavaa koti. Salamu, maombi, pilau juu ya sinia. Wakala kwa nguvu. Kisha ukatokeza mguu wa simba. Wakapunguza tonge. Ukatokeza mkia. Upanga. Jicho la yule mwanamke! Hapo kila mkono ukasimama. Mmoja akasukuma wali taratibu akalifunika jicho. Mimi nikadhani ni adabu, wananibakizia.

Mzee Yeremia akauliza polepole:

"Bwana mkwe, simba huyu ni wa nani?"

"Wa ukoo wetu," Laurian akajibu kwa maringo. Sinia hata wiki halina!

"Na mama huyu mgongoni?"

"Huyo ni mama mkwe wangu!" Akacheka. Peke yake.

Chai hawakunywa.

Mimi Mnyaturu nilisahauje? Enzi za wazazi wetu watu wa huku tulisemwa tunafuga simba na kuwatuma kuua watu. Wanyiramba wa Misigiri hawajasahau. Na mume wangu kampandisha marehemu mama yangu mgongoni!

Jumanne, 10 Agosti

Peniel kaleta ujumbe, macho chini: wazee "bado wanatafakari". Yeye mwenyewe anamtaka Klara, ila kumpinga baba yake hawezi. Klara hali, hasemi na baba yake. Nimemkuta anakunja vitenge vya harusi, anavirudisha sandukuni. Nimetoka nje nikalia kidogo.

Laurian anasema ulikuwa utani. Antipasi anasema mtu aende akawaambie ni jua tu. Nani aende? Wote wawili wakaangalia dari.

Basi nakwenda mimi. Na sinia nabeba. Tukilificha ndiyo watasema ni kweli.

Alhamisi, 12 Agosti. Misigiri

Nilisimama kwenye basi mpaka dereva alipokanyaga breki, khanga ikafunguka, simba akachungulia. Kiti kizima nikaachiwa! Nimesafiri kama waziri.

Mzee Yeremia aliponiona na sinia alitorokea mlango wa jikoni. Nikabaki na mama yake, mkongwe, mdogo kama njiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete huyo mnyama nimwone."

Nikaanza habari za Uajemi, jua, miti. Akanikatiza. Akalipakata sinia, akalisogeza karibu na pua.

"Mama huyu amekaa juu ya simba na wala hajashika manyoya," akasema. "Hajatumwa na mtu. Anaona raha." Akacheka mpaka akakohoa. "Binti yako yukoje? Ana woga?"

"Hana, bibi."

"Afadhali. Mwanangu namjua. Huyo anamkimbia hata jogoo."

Dirishani Mzee Yeremia akasema haingii ndani mpaka simba atoke. Bibi akamjibu kwa Kinyiramba. Sikuelewa yote. Niliambulia neno mbuzi tu.

Ijumaa, 13 Agosti

Mzee Yeremia kalala kwa jirani. Sasa kakaa uani, mgongo kwetu. Sijui nirudi kwangu au ningoje.

Bibi kapika mwenyewe ugali wa uwele na mlenda. Kapanga kila kitu pembezoni mwa sinia, juu ya ile miti, katikati kaacha wazi kabisa – simba na yule mama wa mgongoni. Kaenda kulitua mbele ya mwanawe. Akatamka jina la Klara, kwa sauti, majirani wasikie: akila, kamkubali. Karudi ndani, kafunga mlango, kaniambia nichungulie nimsimulie, macho yake hayafiki.

Nachungulia. Naandika huku nachungulia.

Hajagusa. Anamtazama simba. Kuku wamesogea, kawafukuza – "Tokeni!" – kumbe anakilinda chakula.

Kavua kofia. Kasogeza kigoda.

Bibi anauliza, amenawa?

Bado, bibi. Kashika birika.