Sekunde Tano za Haloo

Karatu, Alhamisi. Baridi ya kutetemesha meno. Ukungu ulishuka tangu alfajiri kutoka upande wa kreta, na hadi saa nne ulikuwa bado umelala juu ya barabara kuu, magari ya watalii yakipita yamewasha taa. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vilikuwa vizito kwenye kibodi. Lakini moyo wangu leo ni mwepesi, na nataka niandike kabla haujabadilika, maana naujua.

Leo seva haikuanguka.

Najua kwa mtu mwingine hiyo si habari. Seva za watu hazianguki kila siku na hakuna anayeziandikia shajara. Lakini mimi nimeishi miezi minne na aibu ya ile iliyoanguka Machi, na leo kwa mara ya kwanza nimekunywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

Nieleze vizuri, hata kwa faida yangu mwenyewe. Nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha chanjo za mifugo, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Daktari wetu anaitwa Tluway, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, mtu wa utani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yeye ana sindano na boksi la barafu. Mimi nina tovuti. Kila awamu ya chanjo inapofika, tunafungua ukurasa wa kujiandikisha saa mbili asubuhi, na wafugaji wa Loliondo, Wasso na kwetu Digodigo wanaandika majina yao na idadi ya mbuzi. Chanjo inapakiwa kwa hesabu ya walioandikwa, kwa sababu njiani haikai sana bila kuharibika. Kitongoji ambacho hakikuandikwa kinasubiri awamu nyingine. Sotoka ya mbuzi, ugonjwa tunaouchanjia, haina subira hiyo.

Machi, ukurasa ulifunguka saa mbili, na saa mbili na dakika kumi ulikuwa umeganda. Watu wa kwetu walibonyeza wakachoka. Wifi yangu Pendo, ambaye ndiye mwenye simu ya kisasa pale nyumbani, alinitumia picha ya kioo cheupe kisicho na neno hata moja. Kitongoji chetu hakikuandikwa. Wiki tatu baadaye Mama akanipigia simu.

"Mbuzi saba wamekufa," alisema. "Wewe hujambo?"

Kisha akakata.

Hiyo si hasira. Mama ndivyo alivyo na simu, tangu anunuliwe. Pale kwetu ili upate mtandao lazima upande kilima kilicho nyuma ya shule, na betri inachajiwa dukani kwa mwenye sola, kwa hiyo Mama hasemi zaidi ya kilichompandisha. Akishamaliza lake anakata, hakuna kwaheri, hakuna haya basi. Mimi hubaki huku nimeng'ang'ania simu sikioni: "Haloo? Mama? Haloo?" Miaka yote hii sijajifunza. Dada wa duka la mbele ameshazoea, akinisikia nasema haloo ya tatu anacheka peke yake.

Siku ile ya mbuzi saba sikusema haloo. Niliiweka simu mezani.

Sasa nikiri makosa yangu, maana ndiyo sababu ya kuandika. Seva ina wahudumu wake ndani. Katika kazi yetu tunawaita thredi, lakini mimi nawaita wahudumu kwa sababu ndivyo wanavyofanya: mtu akifungua ukurasa, mhudumu mmoja anamsikiliza, anampa anachotaka, kisha anakwenda kwa mwingine. Nilikuwa na wahudumu hamsini. Machi nilipoona wote hamsini wameshikwa na watu wamejaa mlangoni, nikafanya kile ambacho mtu mwenye haraka hufanya. Nikaongeza wahudumu wakawa mia tatu.

Mashine yetu ni ndogo, ya bei ya chini, na kila mhudumu anakula kumbukumbu yake. Baada ya dakika chache kumbukumbu ikaisha, kila kitu kikawa kinatambaa, na mwisho mashine ikazima. Mtoto wa Digodigo nilipaswa kulijua hilo bila kufundishwa na kompyuta. Kwetu tunamwagilia kwa mfereji, kwa zamu, na kila mtu anajua ukifungua milango yote ya mfereji kwa pamoja hakuna shamba linalopata maji, mnapata matope. Tluway alinikumbusha hilo kwa wiki nzima. "Fundi, nyie si ndio mnaojisifu kwa mifereji? Imekuwaje kamfereji kamoja ka kompyuta kakushinde?" Nilicheka kwa nje.

Baada ya hapo nikasoma, nikapunguza, nikaongeza, nikapunguza tena. Nilibadili nambari bila kujua tatizo lenyewe liko wapi. Kila nikijaribu kwa watu wachache seva inakwenda vizuri, nikiongeza watu inaganda. Nilianza kuamini kwamba tunahitaji mashine kubwa zaidi, na nilijua hatuwezi kuipata.

Jumapili iliyopita, mchana, Mama akapiga. Alitaka kujua kama pilipili kichaa alizonitumia zimefika. Nikasema zimefika. Akakata. Nikasema haloo. Nikasema tena haloo. Halafu, nikiwa bado na simu sikioni kama mjinga, macho yangu yakaangukia rekodi ya ile siku ya Machi, ambayo nilikuwa nimeichapa na kuibandika ukutani ili inisute.

Wahudumu hamsini, wote wameshikwa. Hilo nililijua. Ambalo sikuwahi kulisoma kwa makini ni safu ya pili, inayosema kila mhudumu anafanya nini. Wanne walikuwa wanafanya kazi. Arobaini na sita walikuwa wanasubiri.

Wanamsubiri nani?

Walikuwa wanasubiri watu walioshuka kilima. Mtu wa kwetu anapanda, anabonyeza, anaona alama ya kijani, anatia simu mfukoni na kushuka kwenda kwa mbuzi wake. Mtandao unakatika hapo hapo, hakuna aliyeiaga seva. Na seva, baada ya kumjibu, inaendelea kumshikia laini kwa muda, isije ikawa ana neno jingine. Muda huo unapangwa na fundi. Fundi ni mimi. Na mimi nilikuwa nimeupanga dakika tano.

Dakika tano nzima, mhudumu wangu amesimama: haloo? haloo? Na mwenzake wa kumsikiliza mtu halisi hayupo.

Nilicheka mpaka dada wa dukani akaja kuchungulia. Kisha nikalia kidogo, nisifiche.

Unajua kwa nini niliweka dakika tano? Kwa heshima. Kweli kabisa. Nilipokuwa natengeneza ile tovuti nilijiambia hawa ni watu wangu, mtandao wao ni wa kuokoteza, niwape muda, nisije nikawakatia kama watu wa mjini. Niliona nambari ya kawaida ni sekunde chache nikaiona haina adabu. Kwetu mgeni humwachi mlangoni, unamsindikiza mpaka njiani. Nikaifundisha seva kusindikiza watu ambao walikuwa wameshafika kwao.

Hilo ndilo lililowafungia nje wale wengine, na Mama akiwa mmoja wao.

Wiki hii nzima nimekuwa nikipanga upya, taratibu, kitu kimoja kwa wakati. Anayeanza kuandika jina lake nimemwachia muda mrefu, dakika nzima, kwa sababu huyo bado anasema, herufi zake zinakuja moja moja kutoka Digodigo na lazima zisubiriwe. Aliyekwisha kujibiwa, sekunde tano. Ndani ya sekunde tano kama ana neno atalisema, na kama amesahau kitu atarudi na atapokelewa upya. Wahudumu nimewaweka sitini, kwa sababu nilipima kila mmoja anakula kumbukumbu kiasi gani na sitini ndio mashine inaowamudu huku ikibakiza nafasi ya kupumua. Nje ya hao, foleni ya watu mia mbili wanaongoja mlangoni. Na anayezidi hapo haonyeshwi tena kioo cheupe. Anasoma: "Tumejaa kidogo. Jaribu tena baada ya dakika moja, jina lako halijapoteza nafasi." Tluway alisoma akasema hata hospitali hawasemi vizuri hivyo.

Kisha nikaandika kijiprogramu cha kujifanya watu wa kwetu. Simu mia mbili za uongo, zinapanda kilima, zinabonyeza, zinashuka bila kuaga. Jumatatu nilizirusha zote kwa seva. Ikakohoa, ikaendelea. Jumanne nikarusha mia nne. Nikalala vizuri siku hiyo.

Lakini simu za uongo hazina mbuzi. Kwa hiyo leo asubuhi nilikagua kila kitu upya. Saa mbili kasoro dakika tano Tluway alivuta kiti akakaa nyuma yangu bila utani wowote, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye naye anaogopa. Gari la chanjo linaondoka Jumamosi. Kama tungeshindwa tena, wenye kituo walishasema tunarudi kwenye daftari na wajumbe wa pikipiki, na daftari halijawahi kufika Digodigo kwa wakati.

Saa mbili. Ukurasa ukafunguka.

Wahudumu wakaanza kushikwa: kumi, ishirini na tano, arobaini. Wakafika hamsini na nane, wamebaki wawili tu. Halafu wakashuka. Thelathini na mbili. Wakapanda mpaka sitini, wakashuka. Nilikuwa naangalia kama mtu anayeangalia kifua cha mtoto aliyelala. Foleni ilifika watu mia moja na kitu, ikaisha. Majina yakaanza kuingia kwenye orodha: Loliondo, Wasso, Loliondo, Wasso, Wasso. Digodigo hakuna. Saa mbili na robo, Digodigo bado hakuna. Tluway akaninong'oneza labda kuna ukungu na kule. Niliendelea kuangalia orodha.

Saa mbili na dakika ishirini na mbili likaja jina la kwanza la kwetu, halafu matatu kwa mpigo, halafu nikaliona la Mama. Mbuzi kumi na wanne. Pendo alikuwa ameandika na idadi ya watoto wa mbuzi: wawili.

Tluway alinipiga bega akatoka kwenda kununua vitumbua. Mimi nilibaki nimekaa, nimefurahi kiasi cha kukosa la kufanya. Kufika saa nne tulikuwa na vitongoji vyote vya kwetu kwenye orodha. Chai ilikuwa ya moto. Hayo nimeshayasema.

Saa kumi jioni simu ikaita. Mama. Nikaipokea na upepo wa kile kilima ukaingia moja kwa moja sikioni.

"Pendo amenisomea. Wameandikwa wote," alisema. "Gari Jumamosi."

"Ndiyo Mama, Jumamosi," nikasema, na nikakata.

Mimi ndiye niliyekata! Kwa mara ya kwanza maishani nimemuwahi. Nilijiona mjanja kweli kweli, nikaweka simu mezani na kurudi kwenye kazi huku natabasamu. Leo hakuna haloo, dada wa duka atakosa kicheko.

Baada ya muda, labda robo saa, simu ikaita tena. Mama huyo huyo, anahema.

"Mbona umenikatia? Nilikuwa sijamaliza."

Nikamwomba radhi, nikamwambia nilidhani amemaliza.

"Wale saba," akasema. "Watu hapa walisema ni mashine ya binti yangu. Niliwajibu ni ugonjwa. Na wewe nakwambia hivyo hivyo, mama, ni ugonjwa. Hukuwaua wewe."

Kisha akakata.

"Haloo?" nikasema. "Mama? Haloo?" Nilisema mara nyingi, na dada wa dukani alicheka, akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Miezi minne sikuwa nimemwambia mtu kwamba hilo ndilo lililokuwa linanikaa kifuani. Sikumwambia hata yeye. Alilijua tu.

Baadaye Pendo akanitumia ujumbe wa kunitania. Anasema simu ya kwanza ilipokatika, Mama aliona imeisha, akaanza kushuka. Alikuwa ameshafika chini, karibu na mfereji, alipogeuka na kupanda kilima tena. Ana miaka sitini na kitu na goti bovu.

Sasa ukungu unarudi, na Tluway ameshafunga mlango wake. Seva nimeiachia sekunde tano zake, inazimudu. Kesho asubuhi nitampigia Mama mimi, saa anayopandisha mbuzi kule kilimani kwenye mtandao. Nitamwacha aseme lake mpaka mwisho, hata akinyamaza nitangoja, na atakata yeye.